Kofi Kabla ya Kengele

Jesca alipigwa kofi kabla kengele haijalia, na aliyempiga hakuwa mpinzani wake.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, ukumbi wa Mji Mpya, Morogoro, mikono yote miwili imeshafungwa bandeji, akisubiri glovu. Mbele yake Stefano alikuwa amepiga goti moja, ameishika ile mikono kwa uangalifu kama mtu aliyeshika vifaranga. Ukumbini pambano la wanaume lilikuwa linaelekea mwisho, na kila ngumi iliyotua ilifuatwa na sauti ya watu wote kwa pamoja: "Ooh!"

"Tuanze," Stefano alisema. "Utaratibu unaujua."

"Naujua. Na wewe unajua siupendi."

Stefano alicheka. Utaratibu ulikuwa wake mwenyewe. Aliongoza huduma ya wanamichezo katika kanisa lao la Kihonda. Kabla ya mechi au pambano alipita kwa wachezaji waliotaka, akaketi nao, akawatia moyo, akaomba nao. Waombaji wengine waliomba ushindi. Stefano hakuwahi kuomba ushindi hata siku moja. "Kona ni mbili, Mungu ni mmoja," alizoea kusema. "Mnataka achague?" Yeye aliomba hofu itoke na hasira isiingie, basi. Halafu, kabla ya amina, mchezaji mwenyewe kwa mdomo wake alitakiwa amtaje mpinzani kwa jina na kumwombea arudi kwao mzima. Mabondia wengi waliona afadhali waambiwe wakimbie tena hadi Morningside, juu mlimani.

Na huko njia ya Morningside ndiko walikokutana. Jesca alikuwa anapandisha mlima akihema kama injini mbovu, Stefano anashuka na vijana wa kanisa. Alisimama akamuuliza, "Dada, nikuombee nini?" Jesca akamjibu, "Niombee unipishe njia." Tangu siku hiyo Stefano alikuwa anapandisha naye, hashuki tena.

"Bwana," Stefano alianza sasa, macho ameyafumba, "tunakushukuru kwa miili hii uliyotupa. Hofu itoke kwa Jesca. Hasira isiingie. Naye atamtaja mwenzake..."

Jesca alifungua mdomo ataje jina. Mlango ukafunguliwa bila hodi.

Aliyeingia alikuwa Mama Stefano. Mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mtu wa Moshi aliyeletwa Morogoro na kazi akaota mizizi hapo, mzee wa kanisa aliyeogopwa hata na mchungaji. Kitenge chake kipya, alichokishonesha kwa ajili ya siku hiyo tu, kilikuwa na tope jekundu hadi magotini. Jesca alilijua lile tope. Lilikuwa la kwao, Mlali, ambako asubuhi hiyo mama huyu alikuwa amepeleka posa.

Alisimama haraka, moyo unadunda kwa furaha. "Shikamoo, mama."

Badala ya marahaba, lilikuja kofi.

Lilikuwa kofi la mwalimu wa zamani, kiganja kizima, lililotua kati ya shavu na sikio. Kichwani mwa Jesca kulilia kitu chembamba, kama redio iliyopoteza stesheni. Na mkono wake wa kulia, uliofundishwa kujibu kabla akili haijaulizwa, ulikunjika wenyewe ukapanda kidevuni.

"Jesca!" Stefano alipiga kelele.

Mkono ulisimama hewani. Jesca aligeuza uso polepole akamtazama mwanamume aliyempenda.

"Umeniita mimi," alisema. "Aliyepiga ni nani?"

Stefano alikuwa bado anautazama ule mkono.

"Mwache anipige!" Mama Stefano alisema. "Si ndiyo kazi yake? Amalizie tu, maana kwao wameshanipiga vya kutosha."

Kocha Abdulmajid, aliyekuwa pembeni na glovu mkononi, alijaribu kuingilia. "Mama yangu, shikamoo. Samahani, chumba hiki ni cha mpiganaji na kona yake..."

"Nazungumza na mtoto wangu."

Abdulmajid alirudi nyuma hatua. Alikuwa ameshapigana na watu wa kila namna, lakini mwalimu mkuu ni mwalimu mkuu.

"Stefano," mama aliendelea, "leo nimedhalilishwa. Nimekwenda na wazee wawili wa kanisa. Nimebeba vitenge, nimebeba mkungu wa ndizi kutoka nyumbani Moshi. Baba wa huyu binti akatupokea vizuri. Akanywa soda. Kila neno ndiyo, ndiyo, karibuni sana. Tumekaribia sala ya kufunga, akaingia mzee mmoja na kofia yake, kaka wa mama wa binti. Akauliza, mmemwomba nani? Nikamwambia, baba yake, si huyu amekaa hapa? Akasema, huyo kazaa tu. Mtoto ni wa kwetu. Na yule baba, mtu mzima na ndevu zake, akainamisha kichwa! Mkungu wangu ukatolewa nje ya mlango. Kuku wakaudonoa nikiwa nautazama!"

Jesca alifumba macho. Mjomba Kibwana.

Kwa Waluguru, kabila la Jesca, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Kwenda kwa baba bila kupita kwa mjomba ni kama kununua nyumba kwa mpangaji. Jambo hilo Jesca hakuwahi kumwambia Stefano kwa sababu hakujua kama kuna mtu duniani asiyelijua. Kwao hata anayejifunza kutembea analijua. Na Stefano hakuwahi kuuliza, kwa sababu kwao baba ni baba.

"Hukuniambia," Stefano alisema taratibu.

"Hukuniuliza."

"Jesca, ningejuaje cha kuuliza?"

"Na wewe ndiyo umepiga magoti hapa!" Mama alimgeukia mwanawe. "Hebu niambie, unaomba nini? Unamwomba Mungu amsaidie huyu akavunje pua ya mtoto wa mwanamke mwenzangu? Mungu yupi huyo, mwanangu?"

"Mama, hatuombi hivyo."

"Mnaombaje? Avunje kidogo?"

Abdulmajid alikohoa kuficha kicheko. Jesca hakucheka. Swali hilo alikuwa amejiuliza mwenyewe mara nyingi, akifua damu ya mtu mwingine kwenye bukta yake.

Mlangoni alitokea mtu wa waandaaji. "Kona nyekundu! Mnaitwa!"

"Nimekuja kukuchukua," mama alimwambia Stefano. "Kengele ikilia ukiwa bado upande wa huyu, usije kwangu tena."

Jesca alimnyooshea Abdulmajid mikono, akavalishwa glovu, zikafungwa. Shavu lilikuwa linawaka. Alimsubiri Stefano aseme neno moja, lolote. Stefano alikuwa amesimama katikati ya chumba, mama huku, yeye huku, uso umempauka.

"Nenda na mama yako," Jesca alimwambia, akatoka. Mpinzani hakumtaja. Amina haikusemwa.

*

Mwanvita alikuwa ametoka Dar es Salaam na sifa zake. Mfupi, mabega mapana, shingo hakuna. Walipogusanisha glovu katikati ya ulingo alimtazama Jesca shavuni, akaona alama nyekundu ya vidole.

"Wewe vipi, umeshaanza bila mimi?"

Kengele ilipolia, Jesca alimrukia.

Hakukuwa na mpango, hakukuwa na hesabu. Yale yote aliyofundishwa na Abdulmajid, kutanguliza mkono wa kushoto, kuzunguka, kupumua, aliyaacha kule chumbani. Kila alipomtazama Mwanvita aliona kitenge chenye tope. Alirusha ngumi za kuua mtu, na karibu zote zilipita hewani, maana mtu mwenye hasira hupiga pale adui alipokuwa, siyo pale alipo. Mwanvita aliinama, akapita chini, akamtia ngumi ya mbavu iliyomtoa pumzi, kisha nyingine ya mdomo. Mdomo wa juu ulipasuka juu ya kinga ya meno. Jesca alimeza damu yake, yenye chumvi na vuguvugu.

"Mikono juu!" Abdulmajid alikuwa anaita. "Jesca! Juu!"

Siti za mbele, mzee mmoja mwenye kofia alisimama akaipungia ngumi anga. "We refa! Huoni anampiga kichwa? Umefumba?" Alikuwa Mjomba Kibwana, ametoka Mlali kwa bodaboda. Hakuwahi kukosa pambano la mpwa wake hata moja, na hakuwahi kukubaliana na mwamuzi hata mmoja.

Raundi ilipokwisha Jesca alikaa kwenye kigoda cha kona. Abdulmajid peke yake alikuwepo. Alimpaka vaselini kwenye mdomo kwa dole gumba, hana hata huruma.

"Unafanya nini kule?"

"Napigana."

"Hupigani. Unagombana. Kugombana nenda sokoni."

Raundi ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Mwanvita aliligundua jicho la kushoto, akalifanya shamba lake. Akalilima na kulilima hadi nyama ya juu ikaachia na damu ikashuka kama pazia. Watu wa Dar waliimba jina lake wakigonga viti vya plastiki sakafuni. Jesca aliendelea kwenda mbele, mbele tu, akila mbili ili apate moja, na hiyo moja ikitua alijisikia raha mbaya, raha ya mtu anayevunja vyombo nyumbani kwake mwenyewe.

Aliporudi konani, aliyemwekea chupa ya maji mdomoni alikuwa Stefano.

"Nilidhani umekwenda," Jesca alisema, akitema damu ndooni.

"Nimemwambia akae kitini. Amekaa. Nyuma yetu hapa, safu ya tatu."

"Na kile alichonifanyia?"

Stefano aliifunga chupa ya maji. Abdulmajid alikuwa anakandamiza jicho kwa kitambaa cha barafu. "Mhubiri, sema haraka, nina sekunde chache."

"Unapigana na mama," Stefano alisema. "Mama hayupo ulingoni. Aliyepo mbele yako ana jina na hujalitaja."

"Silitaji."

"Jesca..."

"Silitaji! Amenipasua jicho, nimwombee afya?"

Kengele.

Ngumi iliyomwangusha hakuiona. Ilitoka upande wa jicho lililojaa damu. Alichojua ni kwamba sakafu ya ulingo ilikuwa shavuni, inanuka viatu na jasho la watu waliotangulia, na mwamuzi alikuwa anahesabu kutoka mbali kama mtu aliye bondeni. Ng'ambo ya paa la mabati, upande ambao ukumbi haukuwa na ukuta, aliuona mlima. Wingu lilikuwa limekaa juu yake, limetulia tu.

Akafikiri: mtu anaweza kufia hapa kwa sababu ya kofi la mama wa watu.

Aliinuka hesabu ilipofika tano, akasubiri ifike nane. Mwanvita alikuja kumaliza kazi. Jesca hakukimbia wala hakujibu. Alimkumbatia, akamfunga mikono kwa nguvu zote, kidevu juu ya bega lake. Moyo wa yule binti ulikuwa unapiga kifuani kwake kwa kasi ileile ya moyo wake. Na yeye alikuwa amechoka. Na yeye alikuwa anaogopa. Mtu mwenye jina, ana kwao.

"Mwanvita," Jesca alimwambia sikioni, maneno yakitoka vibaya kwa sababu ya kinga ya meno. "Mungu akurudishe kwenu mzima."

"Unasemaje?"

"Urudi mzima."

"Jilinde wewe kwanza!" Mwanvita alifoka, akamsukuma, akampiga konde la tumbo.

Lakini kitu kilikuwa kimetulia. Kitenge chenye tope kilitoweka. Jesca alirudi nyuma hatua, akainua mikono, na kwa mara ya kwanza siku ile akamwona aliyekuwa mbele yake: mguu wa kulia mzito, bega linaloshuka kila anapovuta ngumi, mbavu wazi. Akaanza kufanya kazi. Kushoto, kushoto, zunguka. Kushoto, mbavu, zunguka.

Hakukuwa na mzaha katika raundi zilizofuata. Tusidanganyane kwamba mtu akishaomba anapigana kwa upole. Jesca alimpiga Mwanvita mbavuni mahali palepale hadi ngozi ikawa nyekundu, kisha zambarau. Alimpasua pua. Naye alipigwa, alipigwa juu ya sikio lilelile lenye kofi, akapigwa chini ya moyo akaona giza lenye vimulimuli. Sakafu ilikuwa na matone ya damu za wote wawili na hakuna ambaye angeweza kuzitenganisha. Akinamama wa Mji Mpya walikuwa wamesimama juu ya viti. Kila aliporudi konani Stefano alimwambia neno lilelile, "Pumua, mama, pumua," na Jesca alitamani kumwambia asimwite mama, maana mama yupo mmoja tayari na anatosha.

Raundi ya sita, ya mwisho, Mwanvita alivuta ule mkono wa kulia. Bega likashuka. Jesca aliingia ndani yake akamtia ngumi ya ini, fupi, ya kutoka kiunoni. Mwanvita alitoa sauti ndogo tu. Akapiga magoti, akainama hadi paji la uso likagusa sakafu, kinga ya meno ikamtoka ikaning'inia kwenye uzi wa mate mekundu. Mwamuzi alihesabu hadi saba, akainama kumtazama machoni, akapunga mikono. Limekwisha.

Jesca hakurukaruka. Alimfuata Mwanvita pale chini, akapiga magoti pembeni yake.

"Uko mzima?"

"Nenda zako huko," Mwanvita alisema, huku amemshika glovu kwa nguvu na hamwachii. "Mbavu zangu jamani. Unapiga kama una kisasi."

"Nilikuwa nacho. Hakikuwa chako."

Kiti cha kwanza kilirushwa hapo.

*

Wapo watu ambao hawajui kushindwa hata wakiwa hawakupigana wao. Mashabiki waliotoka Dar walidai mwamuzi amesimamisha mapema. Vijana wa Mji Mpya wakawajibu kwa matusi. Chupa ikapita hewani, kisha viti, kisha watu wenyewe. Dakika ileile ukumbi mzima ulikuwa unapigana. Safu ya tatu, nyuma ya kona nyekundu, Mama Stefano alikuwa ameshika mkoba wake kifuani, kilemba kimeshatoka, nywele zake nyeupe ziko wazi, na jamaa mmoja mwenye fulana alikuwa amenyanyua kiti cha plastiki juu ya kichwa chake. Pengine hakumwona kabisa. Hiyo isingepunguza uzito wa kiti.

Jesca alipita katikati ya kamba. Hakupiga mtu. Alimfikia mama yule, akamfunika kwa mwili wake wote, na kile kiti kikatua mgongoni kwake, mguu mmoja wa kiti ukavunjikia begani. Kikanyanyuliwa tena.

Hakikushuka. Stefano, kiongozi wa huduma, mtu asiyewahi kugombana hata na kondakta, alikuwa ameruka viti viwili. Alimpiga yule jamaa ngumi ya taya. Ilikuwa ngumi ya kwanza maishani mwake na ilikuwa mbaya sana, lakini alikuwa na mwili, na jamaa alikwenda chini na kiti chake. Stefano alibaki amesimama, ameushika mkono, anapiga kelele kwa maumivu kuliko aliyepigwa.

Abdulmajid na Mjomba Kibwana waliwavuta wote watatu hadi chumbani, wakaegemeza benchi mlangoni.

Nje kishindo kiliendelea. Mjomba alimvua Jesca glovu. Abdulmajid aliushika mkono wa Stefano akaugeuza.

"Nani alikufundisha kuficha dole gumba ndani ya ngumi?"

"Hakuna."

"Inaonekana. Umelivunja." Akalizika kwenye ndoo ya barafu.

Mama Stefano alikuwa amekaa kwenye kona, mkoba bado kifuani. "Umempiga mtu, Stefano."

"Ndiyo, mama."

"Kwa ngumi."

"Ndiyo, mama. Hasira iliingia." Aliutazama mkono uliokuwa ndani ya barafu. "Nitatubu. Lakini siwezi kukudanganya kwamba ningemwacha."

Mama aliushusha mkoba magotini. Alimtazama Jesca: jicho lililofumba, mdomo uliopasuka, bega linaloanza kuvimba kwa pigo ambalo lingempata yeye mwenyewe. Kisha akamtazama mzee mwenye kofia aliyeegemea mlango.

"Kwa hiyo wewe ndiye wa kuombwa."

"Ndiye mimi, mwalimu," Mjomba Kibwana alisema. "Na ndizi zako ziko kwa dada yangu. Kuku hawakuzimaliza. Nilikasirika, lakini mimi si mtu wa kutupa chakula."

"Ningejuaje habari za mjomba? Kwetu tunakwenda kwa baba."

"Kwenu nikija kuoa nitakwenda kwa baba."

"Basi naomba sasa. Hapahapa. Naomba binti yenu."

"Hapa chumba cha majasho?" Mjomba alishangaa. "Halafu, mwalimu, ukoo wetu hauozi mtu kwa kumsukuma. Muulize mwenyewe kwanza kama bado anawataka."

Wote wakamgeukia Jesca. Stefano alimtazama kwa macho ya mtu anayesubiri hukumu, na Jesca alijua kwamba angeweza kusema ndiyo, yakaisha, wakaenda nyumbani. Alimpenda mwanamume huyu kiasi kwamba alipomtazama, mbavu zilizopigwa ziliuma zaidi. Lakini ndiyo ya namna hiyo ingemgharimu kila siku ya maisha yake.

"Mama," alisema, "mimi napigwa. Ndiyo mchezo wangu na sioni aibu. Lakini napigwa mahali penye kengele na mwamuzi, na mtu niliyekubali mwenyewe kusimama naye. Nyumbani sipigwi. Si na mume, si na mama mkwe, hata kwa bahati mbaya, hata kwa hasira za ndizi."

Mama Stefano alifungua mdomo. Jesca aliinua mkono wa bandeji, kwa heshima, bado hajamaliza.

"Na wewe, Stefano. Nilipopigwa uliita jina langu."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Mkono wako," alisema kwa uchungu. "Niliogopa mkono wako, wakati aliyepiga ni mwingine. Nimekuwa nalifikiria tangu raundi ya kwanza." Alitoa dole gumba kwenye barafu, akasimama mbele ya mama yake. "Mama, ulikosea. Ilinipasa niseme palepale na sikusema. Nasema sasa. Ukimpiga tena, tutakuwa wageni kwako, tutakusalimia kanisani tu."

"Stefano! Unaniambia mimi hivyo? Mbele ya watu?"

"Ulimpiga mbele ya watu."

Abdulmajid alianza kukunja taulo ambalo tayari lilikuwa limekunjwa. Mama Stefano aliinuka. Jesca alidhani anaondoka. Badala yake alichukua kitambaa kwenye ndoo, akakikamua, akamsogelea, akataka kumfuta damu iliyokaukia kidevuni. Jesca aliushika mkono ule katikati ya safari, taratibu.

"Kwa mdomo, mama. Siyo kwa kitambaa."

Ilikuwa kazi. Mtu aliyeamrisha shule nzima miaka yote hiyo, neno hilo halikuwa limezoea njia. Midomo yake ilikaza, ikaachia.

"Nisamehe, mwanangu," alisema hatimaye, na machozi yakamshuka bila ruhusa yake. "Nilikupiga kwa makosa ambayo hata hukuyafanya. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama."

"Ngumi sizipendi."

"Sikukuomba uzipende."

"Na sitakuja tena kwenye mambo haya."

"Nina pambano Desemba."

Mama Stefano alivuta pumzi ndefu kwa pua, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akamgeukia Mjomba Kibwana kana kwamba ndiye aliyepanga hilo pambano. "Harusi haitafungwa Desemba. Sitaki picha za bibi harusi mwenye jicho kama hilo. Haya, nielekeze. Nikija Jumamosi naanzia mlango gani?"

"Wangu, mwalimu. Baba yake utampitia ukirudi, kumsalimia."

"Maskini, yule baba," alisema mama. Fujo nje ilikuwa imetulia; waliondoa benchi, wakatoka wakibishana. Abdulmajid aliwafuata na ndoo, akauvuta mlango nyuma yake bila kuambiwa.

Walibaki wawili. Hapo ndipo Jesca alipolia. Hakulia ulingoni, hakulia kwa kofi wala kwa kiti. Stefano alimkumbatia kwa mkono mmoja mzima, na damu ikamchafua shati la kanisani, na hakuna aliyejali.

"Dole linauma?" Jesca aliuliza kifuani kwake.

"Sana."

"Vizuri."

Alimsikia akicheka, kifua kikitikisika juu ya shavu lake lenye maumivu.

"Jesca. Hujasema ndiyo."

"Najua." Alifumba jicho lililobaki wazi. "Nitasema Jumamosi mbele ya mjomba. Leo mdomo unauma."